Uchovu wa kulea na ile sauti inayosema "mimi sifai"

Wazazi wengi wanaoingia kwenye chumba chetu cha ushauri nasaha hapa Dodoma hawakutoka nyumbani wakija kwetu. Walikuja kupima presha. Wana kichwa kinachogonga, tumbo linalowaka, mgongo, moyo unaokwenda mbio usiku. Daktari akishamaliza vipimo vyake na kuona presha iko sawa, anawaandikia kikaratasi: pitia chumba cha mwisho, mkono wa kushoto. Ndipo tunapokutana.

Mmoja wao, ambaye nimebadilisha mambo yake kadhaa ili hata jirani yake asimtambue, alikaa na kuweka pochi mapajani, mtoto wa miezi minane akiwa mgongoni. Akasema, "Dada, mimi nadhani sikuumbwa na moyo wa mama."

Alfajiri ile mwanawe wa darasa la kwanza alimwaga uji kwenye shati la shule. Gari la shule lilikuwa limeshapiga honi mara mbili pale kona, na shati la pili lilikuwa mbichi kwenye kamba. Alimfinya mtoto, akampigia kelele mpaka wapangaji wa chumba cha pili wakazima redio. Kisha akaufuta uji kwa pindo la kanga, akambebea mkoba, akampandisha garini. Mtoto alipofika dirishani akampungia mkono, kama siku zote.

"Angenuna ningepata nafuu," aliniambia. "Lakini alinipungia."

Nikamuuliza, jana umelala masaa mangapi? Akaanza kuhesabu kwa vidole, akaishia njiani. Mdogo anaamka kunyonya saa sita, saa nane na saa kumi. Baba yao kazi imempeleka wilaya nyingine, anarudi mwisho wa mwezi. Kwao ni Tanga. Hapa mjini amekuja kwa sababu ofisi ilihamia hapa, na mtaani anamfahamu mwenye nyumba na muuza genge.

Katika kazi hii nimesikia "sina moyo wa mama" mara nyingi, na karibu kila mara huwa imegeuzwa kichwa chini miguu juu. Mzazi anaamini kwamba amechoka kwa sababu hafai, kwamba mwenzake anayefaa angeyaweza haya yote huku anacheka. Ninachokiona mimi ni kwamba uchovu ndio unaotangulia, na "sifai" inakuja nyuma yake kama homa inavyofuata malaria. Ukikazana kuitibu homa peke yake, utapoza paji la uso tu.

Uchovu wa namna hii ulianza kuandikwa na wataalamu kwa upande wa kazi za kuajiriwa. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, aliueleza kwa kuwatazama watu waliojitolea kuhudumia wagonjwa mpaka wao wenyewe wakaishiwa nguvu, naye akiwemo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuweka katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, likifafanua kuwa ni hali ya kazini na si ugonjwa. Kwa wazazi, walioufuatilia sana ni Isabelle Roskam na Moïra Mikolajczak wa Ubelgiji. Wanaeleza dalili nne: kuishiwa nguvu kabisa kila ukifikiria kulea, kujiona si yule mzazi uliyekuwa zamani, kukinaishwa na malezi yenyewe, na kujitenga kimoyo na watoto, yaani unawalisha, unawaogesha, unawapeleka shule, lakini wewe mwenyewe haupo.

Ile dalili ya pili ndiyo mlango wa kujidharau. Mama aliyekuwa akiimba wakati wa kuogesha sasa anaogesha kimya, na anajiona. Hakuna aliyemwambia. Anajilinganisha na nafsi yake ya miaka mitatu iliyopita, kisha anafungua simu na kujilinganisha na status za WhatsApp za wenzake, ambako kila mtoto ana keki na kila mama amesuka. Nani ataweka status ya uji kwenye shati?

Mwaka 2021 watafiti hao na wenzao walichapisha matokeo kutoka nchi 42. Uchovu wa wazazi ulikuwa mkubwa zaidi katika jamii ambazo kila nyumba inabeba mzigo wake peke yake, na tofauti hiyo ilibaki hata walipozingatia hali ya uchumi. Waswahili walishalisema bila dodoso: mkono mmoja haulei mwana.

Sasa tazama Dodoma. Uamuzi wa Serikali kuhamia hapa kwa vitendo ulitangazwa 2016, na 2018 mji ukawa jiji. Maelfu ya familia zimekuja na mabegi, vyeti na watoto, zimejenga au kupanga Nzuguni, Ilazo, Ihumwa, Iyumbu. Mikono imebaki Moshi, Mbeya, Bukoba, Tanga. Bibi yuko kwenye simu. Shangazi anakuja ukijifungua, anakaa wiki mbili, anarudi kwake. Geti ni refu, upepo wa Julai unapuliza vumbi, kila mtu amefunga madirisha. Unaweza kukaa mtaani mwaka mzima ukawajua majirani kwa rangi za magari yao.

Nisiwaseme wageni tu. Kule Chamwino au Bahi, ambako ukoo upo jirani, kuna bibi anayelea wajukuu wanne ambao wazazi wao wameenda mjini kutafuta. Anaamka kutafuta maji, anasonga ugali wa mtama, anapika mlenda, anasuluhisha ugomvi, na hela ya daftari inatumwa ikikumbukwa. Huyo naye ni mzazi aliyechoka, tena hakuna anayemuuliza, maana tumeshakubaliana kwamba bibi hachoki.

Turudi kwenye mwili kwanza, kwa sababu watu huruka hapo. Kabla ya kukubali kwamba wewe ni mvivu au una roho mbaya, nenda ukapimwe wingi wa damu. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wana upungufu wa damu. Damu ikipungua unahema ukipanda ngazi, moyo unadunda, hasira iko karibu, na unalala bila kupumzika. Ukiwa umejifungua karibuni, ndiyo zaidi. Mwombe mhudumu akuangalie pia sukari na tezi ya shingo kama dalili zinaelekea huko. Kuna wazazi ambao nusu ya "ubaya" wao iliondoka na vidonge vya madini ya chuma. Sitanii.

Halafu usingizi. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kuwa mtu akikaa macho saa 17 hadi 19 mfululizo, wepesi wake wa kufikiri na kutenda unashuka kufikia wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Mama anayeamka saa kumi alfajiri na kupanda kitandani saa nne usiku amezitimiza hizo saa, kila siku, na usiku wenyewe umekatwakatwa. Akiwa katika hali hiyo ndipo anapokaa kujihukumu kama ni mama mwema. Mahakama gani ingepokea ushahidi wa shahidi aliyelewa?

Hapa niseme langu. Miaka michache nyuma, nikiwa tayari na cheti cha kuwashauri wengine, nilichana ukurasa wa daftari la hesabu la mwanangu kwa sababu alikuwa ameandika 7 ikitazama kushoto kwa mara ya nne. Nilikuwa nimetoka kazini saa kumi na mbili, maji yalikuwa yamekatika, na marejesho ya mkopo yalikuwa kesho yake asubuhi. Yeye aliokota ile karatasi, akaikunja vizuri, akaiweka mfukoni. Usiku niliona dari mpaka alfajiri. Kilichonisaidia kesho yake ni kumwita na kumwambia: jana nilikosea, wewe hukukosea, 7 tutaigeuza pamoja. Nilidhani nitapoteza heshima. Aliuliza kama anaweza kupata gundi.

Mwanasaikolojia wa Marekani Edward Tronick, aliyewarekodi mama na vichanga vyao kwa video, aligundua kwamba hata mama na mtoto wanaoelewana vizuri huwa sambamba kwa takriban asilimia 30 tu ya muda. Muda uliobaki wanapishana, wanatafutana, wanarudiana. Kwa mtoto, huko kurudiana ndiko kunakojenga. Kwa hiyo ukishapiga kelele, kazi haijaharibika. Imebaki sehemu ya pili, ya kumrudia mtoto na kuomba radhi kwa maneno mafupi, bila kumwongezea "lakini na wewe". Simaanishi kwamba kumfinya ni sawa. Nikuambie tu kwamba mzazi anayejiona takataka hurudia kufinya upesi kuliko anayejua alikosea wapi, kwa sababu wa kwanza ameshakata tamaa na nafsi yake.

Mama yule wa uji nilimpa karatasi na kalamu. Nilimwambia asiandike malengo, aandike mikono. Nani, ndani ya mwendo wa dakika kumi kwa miguu, anaweza kushika kitu kwa nusu saa? Akasema hakuna. Tukakaa kimya kidogo. Akaandika: mama wa genge. Kisha: yule binti wa jirani anayesubiri matokeo. Kisha: mama mwenye mtoto shule moja na wangu, simjui jina.

Kuomba nako kuna ufundi. Ukimwambia mtu "naomba unisaidie, nimezidiwa", atakupa pole, na pole ataitoa kwa moyo. Ukimwambia "mama fulani, Jumanne na Alhamisi naomba umsindikize wangu mpaka kwenye gari, na mimi Jumatatu na Jumatano nitawachukua wote wawili", umempa kitu chenye mpini. Wengi wanakubali kwa sababu na wao walikuwa wanatafuta pa kuanzia. Wale wa kikundi cha vikoba mnakutana kila wiki. Mbona mnachangia fedha tu, hamchangii masaa? Na kama una dada wa kazi, kumbuka naye anachoka. Binti wa miaka 18 asiye na siku ya mapumziko atakuachia kazi siku ambayo huwezi kabisa kukaa nyumbani.

Upande wa pili wa karatasi tuliandika vya kuacha. Si vya kupangilia upya, vya kuacha kabisa kwa miezi mitatu. Kupiga pasi shuka. Chapati za Jumapili. Kikao cha maandalizi ya harusi ya mtu usiyemfahamu vizuri. Alifuta hiyo ya harusi, akairudisha, akaifuta tena.

Kwa akina baba nina maneno machache kwa sababu wao hukaa kwetu dakika chache. Baba haji kusema amechoka. Anachelewa kurudi. Anakaa juu ya bodaboda yake imezimwa, mita mia kutoka nyumbani, kwa kuwa ndani kuna ada ya muhula na mikopo ya kausha damu, na mtaani wameshatunga jina la mwanaume suruali kwa asiye na kitu mfukoni. Mwingine anapitia kilabuni. Ukimwambia hafai anakubali haraka sana, alikuwa ameshajiambia. Mwombe jambo moja la watoto lisilohitaji hela, kama kumwogesha mdogo jioni au kusikiliza mkubwa akisoma, na usimsimamie anavyolifanya.

Kuna wakati karatasi na jirani havitoshi. Jiulize: kwa wiki mbili zilizopita, siku nyingi nimekuwa na huzuni au kukata tamaa? Nimepoteza hamu ya vitu nilivyokuwa navipenda? Uchovu wa malezi hupungua ukipata watu wa kukupokea. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukata tamaa, inakufuata hata mtoto akiwa kwa bibi yake na nyumba iko kimya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke 1 kati ya 5 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Mwambie muuguzi wa kliniki ya mtoto siku ile ile mnayopima uzito. Na ukianza kufikiri kwamba watoto watakuwa heri bila wewe, au mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto yanakujia, au mama aliyejifungua karibuni anasikia sauti na hajalala siku kadhaa, usisubiri kliniki. Mwite mtu akae nawe na muende hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo.

Najua kinachowazuia watu wa hapa. Ni jina Mirembe. Hospitali ile ipo tangu 1927, na mji mzima umekua ukiitumia kama tusi: "Huyu ametoka Mirembe." Basi mtu anaogopa kuonekana karibu na geti. Pale ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, na watu huhudhuria, huonana na mtaalamu na kurudi zao nyumbani kupika. Unayemwogopa kwenye foleni, huenda na yeye alikuwa amevuta mtandio usoni ili usimtambue.

Mama wa uji alirudi wiki ya tatu, siku ya Alhamisi. Mdogo alikuwa amebaki kwa mama wa genge. Nilipochungulia nje nilimkuta kwenye benchi, kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi, usingizi mzito. Nesi alikuwa ameshaita jina lake mara mbili. Nikamwambia aite anayefuata.