Je, kung'oa thamostati hutibu injini inayochemsha?

Madereva wengi, na baadhi ya mafundi, huamini kuwa gari likichemsha mara kwa mara dawa ni kung'oa thamostati, yaani vali inayofungua na kufunga njia ya maji yanayopoza injini, ili maji yapite bila kizuizi. Imani hiyo ina msingi: thamostati iliyokwama ikiwa imefungwa huzuia maji kufika kwenye rejeta inayoyapoza, na ikitolewa joto hushuka.

Lakini kifaa hicho kina kazi. Hubaki kimefungwa injini ikiwa baridi, kisha hufunguka maji yakifika nyuzijoto 80 hadi 95 hivi, kutegemea gari. Bila hicho injini huchelewa kupata joto lake, hula mafuta zaidi, na oili hukusanya unyevu. Na kama kiini cha tatizo ni rejeta iliyoziba, feni mbovu au gasketi mbovu ya silinda hedi (kichwa cha injini), tatizo linabaki palepale mpaka hedi ipinde, na hapo gharama ni kubwa mno.

Kuipima thamostati ni rahisi. Injini ikiwa imepoa kabisa, itoe, uitumbukize kwenye sufuria ya maji yanayopashwa moto pamoja na kipimajoto: ianze kufunguka karibu na nyuzi zilizochapwa juu yake. Isipofunguka, weka mpya. Ikifunguka vizuri, irudishe, utafute kosa kwingine. Kifuniko cha rejeta usikifungue injini ikiwa bado ya moto. Maji yale huruka na kuunguza vibaya.