Acheni kusema Marsha alijiua

Mimi ni kaunsela, wateja wangu wengi ni vijana transjenda, yaani wanaojitambua kwa jinsia tofauti na ile waliyoandikiwa walipozaliwa, pamoja na wazazi wao, na kuna swali moja nimelisikia mpaka nimechoka: "Lakini si hata Marsha alijiua?" Wanamsema Marsha P. Johnson, mwanaharakati wa New York aliyepigania haki za mashoga na transjenda. Vijana wanaliuliza wakiangalia chini, akina mama wanaliuliza wakilia, juzi kaliuliza mwalimu mzima kwa sauti ya mtu anayefunga kesi. Imetosha jamani.

DHANA: Marsha P. Johnson alijiua, na watu kama yeye ndivyo wanavyoishia.

UKWELI: Hakuna aliyewahi kuthibitisha hilo. Mwili wake ulipatikana ukielea kwenye mto Hudson, New York, tarehe 6 Julai 1992, siku chache tu baada ya Pride, maandamano ya kila mwaka ya mashoga na transjenda. Alikuwa na miaka 46. Polisi wakaandika kajiua, kazi ikaishia hapo. Rafiki zake walikataa palepale, na wapo waliosema walimwona akisumbuliwa na wahuni kabla hajapotea. 2002 polisi haohao wakabadilisha maandishi, kutoka kujiua ikawa chanzo hakijathibitishwa, halafu 2012 faili likafunguliwa upya baada ya mwanaharakati Mariah Lopez kuwakalia kooni. Yaani walioandika neno hilo washalifuta zamani, na wewe bado unamwambia mtoto wako.

Ndio, Marsha aliwahi kuugua akili na kulazwa hospitali mara kadhaa, sifichi, na wateja wangu wanaomeza dawa nawaambia hivyohivyo bila kuzunguka. Lakini ukimkuta mtu mweusi, maskini, aliyekuwa akiuza mwili ili ale, amekufa majini, ukasema tu huyu kajiua na ukaenda zako, huo si uchunguzi.

Halafu kuna wanaoongeza ati alikuwa na virusi vya ukimwi ndio akakata tamaa. Mwishoni mwa Juni 1992, siku chache kabla ya kifo chake, alihojiwa akasema wazi kwamba anaishi na virusi kwa miaka miwili, na alichotaka ni watu waache kuwaogopa wagonjwa. Huyo alikuwa anaenda kwenye maandamano ya ACT UP, kundi la wanaharakati wa ukimwi, kudai dawa, na kabla ya hapo alimuuguza David Combs, mpenzi wa Randy Wicker, rafiki ambaye Marsha alikuwa anaishi naye, mpaka David akafariki 1990. Kumpa chakula, kumgeuza kitandani, kukaa naye, wakati ambapo hata ndugu wa damu walikuwa wanakimbia wagonjwa. Na alipokufa yeye watu walijaa kanisani kwa mamia, wakabeba majivu yake kwa miguu mpaka mtoni, na polisi wakafunga Seventh Avenue ili wapite.

Kwa nini nang'ang'ana na hili moja? Kwa sababu kijana wa miaka 19 anayeamini mwisho wake ushaandikwa haji kwangu kutafuta msaada, anakuja kuaga. Na kama wewe unayesoma hapa una mawazo hayo, usisubiri siku ya miadi, mwambie mtu unayemwamini leo hii, hata kama ni kwa meseji.

Ushauri wangu, na ninaurudia kwa kila mteja: acheni kumkumbuka Julai. Mkumbukeni tarehe 24 Agosti, siku aliyozaliwa, 1945, Elizabeth, New Jersey. Mkikutana siku hiyo ongeeni alivyoishi, mambo ya mtoni yawekeni kando.

DHANA: Ndiye aliyerusha tofali la kwanza Stonewall, ile baa ya mashoga New York ambako watu walipambana na polisi waliokuja kuivamia.

Hapana, na yeye mwenyewe alikataa. Alisema alifika kama saa nane usiku ule wa 28 Juni 1969 akakuta vurugu zishaanza. Alipigana, hilo halina ubishi, ila msimpe sifa ambayo hakuitaka mkaacha ile aliyoitolea jasho.

DHANA: Alikuwa mtu wa starehe tu, maua kichwani na gauni.

Maua alivaa kweli. Lakini 1970 yeye na Sylvia Rivera walianzisha STAR, kikundi cha kusaidia vijana wa mitaani, wakawa wanawalaza vijana waliofukuzwa makwao, mwanzo ndani ya trela la lori lililokuwa limeegeshwa tu. Sylvia alisimulia kwamba asubuhi moja walirudi na chakula wakakuta lori linaondoka na watoto wanaruka kutoka nyuma. Ndipo wakatafuta nyumba, East 2nd Street, na kodi walilipa wao wawili kwa kuuza miili yao ili wale wadogo wasilazimike kuingia barabarani. Wazazi mnaofukuza watoto, rudieni hiyo sentensi.

DHANA: Hayo ni ya Marekani, huku kwetu hayapo.

Audrey Mbugua ni Mkenya, mwanamke transjenda. Alilishtaki baraza la mitihani la taifa lililokataa kubadilisha jina kwenye cheti chake cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na 2014 Mahakama Kuu Nairobi ikaamuru apewe cheti kipya chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsia. Mzazi akiniambia mambo haya hayapo Kenya, huwa naanzia kwenye hukumu hiyo.