Rovaniemi mwishoni mwa Novemba: si giza la saa 24

Wengi huamini kwamba ukifika Rovaniemi, mji wa Lapland, kaskazini mwa Ufini, ulio mahali mto Ounasjoki unapoingia mto Kemijoki, mwishoni mwa Novemba hutaliona jua kabisa. Si kweli. Katikati ya mji ni kilomita chache kusini mwa mstari wa Aktiki (kaskazini yake ndiko jua huweza kutochomoza siku nzima), na angahewa huupinda mwanga, kwa hiyo jua huonekana hata likiwa chini kidogo ya upeo wa macho. Hata siku fupi kuliko zote ya Desemba, jua huonekana kwa zaidi ya saa 2. Novemba inapokwisha hutoka kama saa 4 na robo asubuhi na kuzama kabla ya saa 8 mchana. Ongeza utusitusi mrefu, wa buluu na waridi, kabla na baada ya hapo. Kwangu mimi hiyo ndiyo saa nzuri ya kusimama karibu na daraja la Jätkänkynttilä. Giza la majuma mfululizo lipo, ila kaskazini zaidi, kama Utsjoki.

Mianga ya kaskazini, ile ya rangi inayocheza angani usiku, nayo haina ahadi. Giza lipo la kutosha, lakini Novemba ina mawingu mengi, na wingu likitanda huoni kitu.

Mawingu yakikushinda, jumba la makumbusho la Arktikum liko kando ya mto. Barafu ya mtoni usiikanyage bila kuwauliza wenyeji: mwanzo wa majira ya baridi huwa nyembamba, na theluji huificha.