Hisa za bomba la mafuta: anayekuuzia Nzega au Igunga anauza nini?

Tangu kiwanda cha kuvalisha mabomba tabaka la kuhifadhi joto kizinduliwe Sojo, wilayani Nzega, mwaka 2024, dawati letu la elimu kwa wawekezaji limekuwa likiulizwa swali moja na wakazi wa Nzega, Igunga na Tabora mjini: hisa za bomba la mafuta ghafi zinauzwa wapi? Swali ni jema. Tatizo ni kwamba wapo ambao tayari wamejibiwa kwenye makundi ya WhatsApp na watu wanaojiita mawakala, wakaonyeshwa matokeo ya mwaka ya kampuni kubwa ya mafuta na mipango yake ya ukuaji, kisha wakatoa fedha.

Bomba hilo la kilomita 1,443, kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, lina wanahisa wanne: TotalEnergies ya Ufaransa yenye asilimia 62, UNOC ya Uganda 15, TPDC yetu 15 na CNOOC ya China 8. Hisa za kampuni ya bomba haziuzwi katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. TPDC ni shirika la Serikali na halina hisa za kumuuzia mwananchi. Hisa za TotalEnergies zipo Paris na New York. Anayekuuzia "kipande cha bomba" hana anachouza.

Matokeo ya mwaka wanayosambaza huenda yakawa ya kweli, na hapo ndipo watu makini wanaponaswa. TotalEnergies ilitangaza faida halisi ya dola bilioni 20.5 mwaka 2022, bilioni 21.4 mwaka 2023 na bilioni 15.8 mwaka 2024. Lakini kwa mwaka huohuo wa 2022 ilitangaza pia faida iliyorekebishwa, yaani isiyohesabu mambo yasiyo ya kawaida, ya bilioni 36.2. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni thamani ya mali zake za Urusi iliyofutwa vitabuni. Hesabu zote mbili ni halali. Anayekuonyesha ile kubwa peke yake amekuficha jambo.

Tena faida ya kampuni mama haimaanishi kwamba bomba lenyewe limeingiza kitu. Mapato ya bomba ni tozo kwa kila pipa linalosafirishwa. Ni kama mwenye lori linalobeba mpunga wa Igunga: bei ya mchele ikipanda Dar es Salaam, yeye analipwa nauli ileile.

Kuhusu mipango ya ukuaji, angalieni kalenda. Mafuta ya Ziwa Albert, Uganda, yanayokusudiwa kusafirishwa na bomba hili, yaligunduliwa mwaka 2006. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ukatangazwa Februari 1, 2022. Miaka kumi na sita! Anayekuahidi mavuno ya miezi sita kutokana na mafuta hajui biashara hii, au anaijua vizuri sana. Vivyo hivyo kwa utafiti wa bonde la Eyasi-Wembere, unaogusa Igunga: kutafuta mafuta si kuyapata, na hakuna hisa za utafiti huo zinazouzwa mtaani.

Sasa utaratibu, ambao tumeshaueleza mara nyingi. Cheti cha BRELA si kibali cha kukusanya fedha za umma. Kinathibitisha kwamba kampuni imesajiliwa, basi. Namba ya mlipakodi nayo si kibali. Kampuni binafsi hairuhusiwi kualika umma kununua hisa zake. Inayotaka kuuzia umma huandaa waraka wa matarajio, unaoieleza kampuni na hisa inazouza, ukapitiwa na kuidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA. Hisa zilizoorodheshwa hununuliwa kupitia dalali mwenye leseni ya CMSA, kwa akaunti iliyofunguliwa kwa jina lako, si kwa namba ya simu ya mtu. Gawio, yaani sehemu ya faida anayolipwa mwenye hisa, la kampuni iliyoorodheshwa hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, na ya isiyoorodheshwa kwa kawaida asilimia 10. Kodi hiyo hukatwa na kampuni kabla hujalipwa. Ukiambiwa "tuma kwanza kodi ya gawio," huyo ni tapeli.

Kufanya biashara ya dhamana bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na kifungo chake kinaweza kufika miaka saba. Kughushi hati ya hisa ni shitaka jingine, linalojitegemea. Anayemwingiza jirani kwa kamisheni asidhani yuko salama kwa kuwa naye alitapeliwa. Hilo litaangaliwa kwa ushahidi.

Kama umeshatuma fedha, usijitoe kwenye kundi wala kufuta ujumbe kabla hujahifadhi nakala. Chukua taarifa ya miamala kutoka kampuni yako ya simu, ripoti polisi upewe namba ya RB (namba ya taarifa yako kituoni), kisha iandikie CMSA barua ukieleza tarehe, kiasi, namba iliyopokea fedha na maneno uliyoahidiwa. Usitume nyongeza ya "kufungua akaunti" ili urudishiwe za mwanzo.