Je, wajua kwa nini "vijana wa siku hizi" ni wavivu kila enzi?

Kaa ofisini wiki moja tu, utaisikia: "Vijana wa siku hizi hawataki kazi." Anayesema ana miaka yake 20 au 25 hapo kazini, na analalamika kwa uchungu wa kweli. Kinachochekesha ni kwamba naye aliwahi kusemwa hivyohivyo.

Mwaka 1990 jarida la Time la Marekani liliwaweka jaladani vijana wa miaka ishirini na kitu. Liliandika kwamba wanapata shida kufanya uamuzi, na kwamba kwao ni afadhali kupanda milima ya Himalaya kuliko kupanda vyeo. Mwaka 2013 jarida lilelile likatoa jalada jingine, safari hii juu ya vijana waliozaliwa kuanzia miaka ya 1980, likawaita kizazi cha "mimi, mimi, mimi". Wapanda milima wa 1990 walikuwa wameshakuwa mabosi. Ukirudi nyuma zaidi ya miaka 2,300 utamkuta Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, akiandika kwamba vijana hudhani wanajua kila kitu. (Ile nukuu ya Socrates juu ya watoto wasio na adabu, inayozunguka kila mwaka mitandaoni, si yake. Inatokana na tasnifu ya mwanafunzi wa Cambridge ya mwaka 1907.)

Lawama hii haichakai, na sababu moja imo kichwani mwa mlalamikaji mwenyewe. Mwaka 2019 John Protzko na Jonathan Schooler, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walichapisha utafiti uliowauliza Wamarekani wazima wanawaonaje watoto wa sasa. Waliosoma vitabu vingi ndio walioona zaidi kwamba watoto hawapendi tena kusoma. Walioheshimu sana mamlaka ndio waliolia zaidi kwamba heshima imekwisha. Yaani mtu huona upungufu pale ambapo yeye mwenyewe ana ziada. Halafu kumbukumbu inamalizia kazi: hatuna picha kamili ya wenzetu walivyokuwa ujanani, basi tunaijaza kwa sura zetu za leo. Mzee anayewahi kazini leo anakumbuka kwamba "sisi tulikuwa tunawahi".

Naongeza langu moja hapa. Wenye miaka 25 kazini ndio waliobaki. Wavivu wa rika lao waliondoka zamani, wengine kwa hiari, wengine kwa barua. Kuwapima vijana wote walioajiriwa mwaka jana kwa wale wazee wachache waliochujwa na miaka si kipimo cha haki.

Basi hakuna tofauti kabisa? Zipo, ila kuzipima ni mtego. Chukua kijana wa miaka 25 aliyebadilisha kazi mara tatu. Ni kwa sababu ana miaka 25, umri ambao watu wengi bado wanatafuta pa kutulia? Ni kwa sababu ya nyakati zenyewe, ambazo zinamgusa hata mwenzake wa miaka 50? Au ni kwa sababu ya mwaka aliozaliwa? Mwaka wa kuzaliwa ukijumlisha na umri unapata mwaka tulio nao, kwa hiyo ukishajua mawili la tatu limejitaja. Hesabu haiwezi kuyatenganisha bila mtafiti kukisia kitu. Mwaka 2012 David Costanza na wenzake walikusanya tafiti 20 zenye watu karibu 20,000. Tofauti za vizazi katika kuridhika na kazi, kujifunga na mwajiri na nia ya kuacha kazi zilikuwa za wastani hadi ndogo, na mara nyingi karibu hazikuwepo. Na ile mipaka ya vizazi imewekwa na watu tu: kwa hesabu ya kituo cha utafiti cha Pew, aliyezaliwa Desemba 1996 ni Milenia, wa Januari 1997 ni kizazi Z, ingawa huenda walikaa dawati moja.

Kinachoacha alama ya kweli, kwa maoni yangu, ni mlango mtu alioingilia. Philip Oreopoulos na wenzake walifuatilia wahitimu wa vyuo wa Kanada wakaona kwamba walioanza kazi wakati wa mdororo wa uchumi walilipwa pungufu, na pengo lilichukua karibu miaka 10 kuzibika. Wengi waliliziba kwa kuhama waajiri, kitu ambacho mzee akikitazama kwa mbali anakiita kutotulia. Kuna pia suala la pensheni. Nchini Marekani, kuanzia miaka ya 1980, kampuni nyingi binafsi ziliachana na pensheni iliyolipwa kulingana na miaka ya utumishi, zikahamia kwenye akaunti ya akiba ambayo mfanyakazi anaondoka nayo. Uaminifu kwa mwajiri ulikuwa na malipo yake, na malipo hayo yakaondolewa na wazee, si na vijana.

Tofauti nyingine ni ndogo kama nukta, na nasema nukta hasa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton waliwaonyesha wanafunzi majibu ya neno moja. Kwenye ujumbe wa simu, jibu lililomalizika kwa nukta lilionekana halijatoka moyoni. Kwenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono, nukta hiyohiyo haikumsumbua mtu. Basi meneja aliyezoea barua, anayeona nukta ni adabu ya uandishi, anajibu "Sawa." na kuendelea na chai yake. Kijana aliyeupokea ujumbe huo anausoma mara nne, kisha anamuuliza jirani yake wa mezani kama bosi amekasirika.