VVU hushikaje seli? Maswali na majibu kuhusu CD4 na mlango wa pili

Kirusi hujuaje seli ya kuingia?

Hakijui. Kirusi hakina macho wala miguu. Husukumwa na majimaji ya mwili na kugongana na chochote kilicho njiani. Seli nayo imezungukwa na utando uliojaa protini, na kati ya hizo zipo zinazopokea ujumbe kutoka nje. Hizo ndizo vipokezi. Kirusi hudandia kipokezi kilichowekwa kwa kazi nyingine kabisa. Kirusi cha korona hushika kipokezi kiitwacho ACE2, VVU hushika CD4. Kisipokuta kinacholingana nacho, hugonga na kupita.

CD4 si ile namba ya kliniki?

Ndiyo hiyo hiyo. CD4 ni protini iliyo juu ya seli T saidizi, yaani zile chembe nyeupe za damu zinazoamuru kinga nyingine zifanye kazi. Ukiambiwa “CD4 zako ni 350”, maana yake zimehesabiwa seli 350 zenye protini hiyo katika milimita moja ya ujazo ya damu. Mtu mzima mwenye afya huwa na kati ya 500 na 1,500. Chini ya 200 kinga imeshuka sana, na TB na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi hupata nafasi.

Kirusi kikishagusa CD4, nini hutokea?

Hapa ndipo penye undani, na panastahili kuelezwa taratibu.

VVU kina kipenyo cha nanomita 120 hivi. Seli T hukizidi kipenyo zaidi ya mara 50. Juu yake kimetokeza miiba michache, kama 14 tu. Kila mwiba una protini tatu za gp120 kichwani na tatu za gp41 shinani.

Kwanza gp120 hunasa CD4. Kunasa huko peke yake hakutoshi. Fikiria soketi ya ukutani yenye matundu matatu: chaja ya pini mbili haiingii mpaka tundu la juu libonyezwe, ndipo matundu ya chini yafunguke. Kwa VVU, kinachofunguka ni kirusi chenyewe. gp120 ikishika CD4 hujikunja, na sehemu iliyokuwa imefichwa ndani yake hutokeza. Sehemu hiyo ndiyo inayoshika kipokezi cha pili, mara nyingi CCR5, na kwa baadhi ya virusi CXCR4.

Kipokezi cha pili kikishikwa, gp41 hufyatuka kama springi, ncha yake ikachoma utando wa seli. Kisha hujikunja katikati na kuvuta ngozi ya kirusi na utando wa seli mpaka vigusane na kuungana. Tundu hufunguka, na mzigo wa kirusi huingia ndani.

Kuificha sehemu ile mpaka dakika ya mwisho ni sababu mojawapo ya chanjo kusumbua: kingamwili hazipati muda wa kuifikia. Tena gp120 imevikwa sukari za mwili wetu wenyewe, na hubadilika-badilika mno.

Ni kweli kuna watu wasio na mlango huo wa pili?

Ni kweli. Wapo waliorithi kwa baba na kwa mama jeni ya CCR5 iliyopungukiwa herufi 32 za DNA, hivyo kipokezi hicho hakitokezi juu ya seli. Ni kama mtu 1 kati ya 100 wenye asili ya Ulaya ya kaskazini. Miongoni mwa Waafrika ni nadra mno. Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa akiishi Berlin, alipandikizwa uboho wa mtu wa aina hiyo mwaka 2007 kutibu saratani ya damu, na VVU havikurudi. Upandikizaji huo wenyewe unaweza kuua, kwa hiyo hauwezi kuwa tiba ya kila mtu. Na anayekwambia “damu yangu haishiki ukimwi”, usimwamini: kutoambukizwa mara kadhaa si ushahidi.

Mbona mbu haambukizi?

Seli za mbu hazina CD4. Kirusi humeng’enywa tumboni mwake pamoja na damu. Tena mbu anapouma hukutemea mate. Hakurudishii damu ya mtu wa kwanza.

Vidonda vya zinaa na tohara vinahusianaje na haya?

Kidonda huvunja ngozi, na uvimbe wake huita seli nyingi zenye CD4 mahali pale pale kirusi kinapofikia. Tibu kaswende na kisonono mapema, pamoja na mwenzi wako. Upande wa ndani wa govi nao una seli nyingi ambazo VVU hushika. Majaribio ya Kisumu (Kenya), Rakai (Uganda) na Orange Farm (Afrika Kusini) yalionyesha kuwa tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Arobaini iliyobaki bado ni hatari, kwa hiyo kondomu inabaki. Baada ya tohara, subirini wiki 6 kidonda kipone. Kujamiiana kabla ya hapo ni kufungua mlango mwingine.

ARV huzuia kirusi kisishike seli?

Zilizo nyingi, hapana. Dawa ya maraviroc huziba CCR5, lakini si ya kawaida katika kliniki zetu. Kidonge kimoja cha kila siku kinachotumiwa na wengi kina tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Mbili za kwanza huzuia kirusi kugeuza RNA yake kuwa DNA. Ya tatu huzuia DNA hiyo isichomekwe kwenye vinasaba vya seli. Ikishachomekwa, hakuna kidonge kinachoing’oa, ndiyo maana dawa haziachwi.

Na ndiyo maana saa zina thamani. Ukibakwa, kondomu ikipasuka, au ukichomwa na sindano iliyotumika, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo uombe PEP, yaani dawa za kuzuia VVU zinazomezwa baada ya tukio kama hilo. Mwisho ni saa 72, lakini ya 2 ni bora kuliko ya 60. Utapimwa kwanza, utameza dawa siku 28 bila kuruka hata moja, kisha utapimwa tena baada ya miezi 3.