Nani aliulizwa kabla ya dodoso kuchapwa?

Siku ya kwanza nilimkosea kijana mmoja. Tulikutana ukumbini hapa Moshi, watu kumi na mmoja, kujadili utafiti wa usonji (autism, yaani ubongo kupokea sauti, mwanga na mazungumzo kwa namna tofauti) mkoani kwetu uanze na lipi. Yeye ana miaka 24, ana usonji, na anachambua mitumba soko la Memorial. Ukimpa belo la mashati anakupangia kwa saizi na kwa aina ya kola kabla hujamaliza chai. Alikaa dakika tano, akatoka, akasimama chini ya mwembe. Nikaandika kwenye daftari: "Hana ari ya kushiriki." Miaka yote hii ya kazi ya utengamao, kuwasaidia watoto wamudu maisha ya kila siku, na bado niliandika vile. Mchana nikamfuata. Akanijibu huku anatazama mti, "Dada, feni ile inalia kama msumeno. Nasubiri mtu aizime."

Tukaizima. Akarudi, akaongea kuliko mimi.

Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya mwenye usonji na asiye nao ni kwa pande mbili. Nilikuwa nimelisoma hilo, nimelifundisha hata kwenye semina. Feni ndiyo iliyonielewesha.

Wenzangu kwenye fani wananiuliza kwa nini nahangaika kuwaita watu wenye usonji na familia zao mapema hivyo, kabla hata andiko la utafiti halijaanza. Kwa mazoea jamii huitwa mwishoni. Dodoso limeshachapwa, bajeti imeshapita, kibali cha maadili kimeshatoka, ndipo mama anaitwa asaini fomu ya ridhaa na kupewa nauli na soda. Mimi naita kushirikishwa kwa soda. Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein alichora ngazi ya vidato vinane vya ushiriki wa wananchi: chini kabisa watu wanachezewa akili, juu kabisa wanashika usukani wenyewe. Soda iko katikati, pale unapoarifiwa na kutulizwa.

Mama mmoja wa Pasua alitusimulia kwamba watu walifika kwake zamani na makaratasi, wakamhoji saa mbili nzima kuhusu ujauzito wake, wakaaga. "Hata kuniambia walipata nini, hawakurudi," alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anatuonya.

Uingereza walijaribu kupima pengo hili. Ripoti ya Liz Pellicano na wenzake ya mwaka 2013 ilichambua fedha za utafiti wa usonji nchini humo kuanzia 2007 hadi 2011. Asilimia 56 ilikwenda kwenye baiolojia, ubongo na namna akili inavyofikiri. Huduma zilipata asilimia 5, na masuala ya kijamii asilimia 1. Walipowauliza wenye usonji, wazazi na watoa huduma, wengi walitaka utafiti unaogusa maisha ya kila siku. Mwaka 2016 shirika la Autistica na James Lind Alliance wakakamilisha orodha ya maswali kumi ya kipaumbele. Utaratibu wake ni rahisi kuueleza: unakusanya maswali kutoka kwa watu wenyewe, unaondoa yaliyokwisha kujibiwa na tafiti, kisha wenye usonji, familia na matabibu wanakaa meza moja wanapanga kwa sauti sawa. Swali la kwanza lilihusu afya ya akili ya watu wenye usonji. Yakafuata mawasiliano, huduma kwa watu wazima, wasiwasi, na huko chini ajira na usumbufu wa hisi kama sauti na mwanga. Katika kumi hayo hakuna linalouliza usonji unasababishwa na nini. (James Lind ndiye yule daktari wa jeshi la majini aliyejaribu machungwa na malimau kutibu kiseyeye mwaka 1747. Sidhani mabaharia wake 12 waliulizwa chochote.)

Kutouliza mapema kuna gharama yake. Agosti 2021 huko huko Uingereza ulizinduliwa mradi wa Spectrum 10K, uliotaka vinasaba vya watu 10,000 wenye usonji. Ulikuwa na fedha na majina makubwa. Wenye usonji wakahoji vinasaba vyao vitatumikaje baadaye, na nani alishauriwa. Septemba mradi ukasimamishwa.

Basi tuchukue tu orodha ya Waingereza tuitafsiri? Nilishawishika, maana ingeokoa miezi. Tatizo likaanzia machoni. Vipimo vingi vinauliza kama mtoto anamtazama mtu usoni. Huku kwetu mtoto anayemkodolea mkubwa macho anaambiwa hana adabu. Mama wa Kibosho alisema, "Huyu mwenye usonji hanitazami, na mdogo wake hanitazami. Nimewalea vizuri." Tulicheka, lakini kipimo kingemhesabia na huyo mdogo dalili ya usonji.

Halafu likaja la kihamba, yaani shamba la migomba la familia lenye nyumba ndani yake. Kwa desturi za Uchagani, kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Mzee mmoja, mwanawe wa mwisho ana usonji na haongei, aliuliza: nikifa, kihamba kitakuwa chake kweli, au kaka zake watamhamishia banda la nyuma na kugawana migomba? Nani atasimama badala yake kwenye kikao cha ukoo? Swali hilo halimo kwenye orodha yoyote niliyoisoma, nalo linatafitika kabisa: unaweza kufuatilia koo, kuona wenye usonji waliofiwa na wazazi wanaishi wapi leo, na ni mipango gani ya familia iliyoshika. Hakuna profesa ambaye angelifikiria akiwa ofisini kwake. Mimi sikulifikiria, na nimezaliwa Machame.

Sitaki mdhani tulikubaliana muda wote. Wazazi wengi walitaka utafiti wa kuwafanya watoto waongee. "Nataka aseme 'mama' mara moja tu," alisema mmoja, akafuta machozi kwa kanga. Kijana wa mitumba akauliza, "Akishasema, halafu?" Ukumbi ukanyamaza. Ilibidi tugawane makundi mawili, kila moja liandike yake, ndipo tukutane tena. Mzazi na mwenye usonji si mtu mmoja, na mzazi akiongea kwa niaba, mwanawe hajaongea bado.

Na asiyeongea? Tulikuwa na binti wa miaka 16. Tulimpigia picha za siku yake nzima: jiko, njia, darasa, choo cha shule, kuku, kitanda. Kwa siku tatu tofauti aliipindua picha ya choo ikaangalia chini. Hapo mama yake akakumbuka kwamba binti hurudi nyumbani kila siku anakimbia, na haombi maji shuleni.

Posho ilileta ubishi. Mhasibu alitaka kujua wenye usonji wanalipwa kwa kifungu gani. Tukawaweka kwenye kifungu cha washauri, kiwango kile kile cha daktari. Akasaini, lakini aliitazama karatasi muda mrefu.

Siku ya mwisho tukapiga kura kwa punje za buni, kila mtu punje tano, unaziweka juu ya swali unalolitaka kwenye karatasi ya manila. Binti alirundika zake zote juu ya picha ya choo, safari hii ikiwa imeangalia juu. Kijana aligawa zake kati ya ajira na swali lake mwenyewe: nini kifanyike ili mtu apande haisi bila redio na konda anayepiga bodi kumuumiza masikio. Kihamba kikaongoza. Choo na haisi vikafungana, punje 12 kwa 12, nikaanza kusema tuviweke pamoja.

"Ngoja," akasema kijana. "Mezani zipo 56. Tuko kumi na mmoja."

Tukahesabu upya. Iliyozidi ilikuwa kwenye choo, na ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeweka sita. Nikaitoa, na haisi ikabaki ya pili.